Mto Unafungwa na Wanaoruka Ua

Ukishuka kutoka soko la Nyamache, Kaunti ya Kisii, kuelekea bonde lolote, utakutana na imani moja ambayo watu wengi hawaihoji: mto ni wa Mungu, kwa hiyo shamba lolote lililo kati yangu na mto ni njia yangu. Vijana wenye ndoana huisema wakiruka ua mchana kweupe. Wanaoshuka usiku na nyavu hawaisemi kwa sauti, lakini wanaiamini zaidi. Hata watu wa makamo wasiovua kabisa huitetea kwenye vibanda vya chai, wakiongeza kwamba mwenye shamba anayelalamika ni mchoyo aliyesahau alikotoka.

Nusu ya kwanza ya imani hiyo ni kweli. Nusu ya pili ni uongo, na nasema wazi kwamba uongo huo unatufungia mito kuliko uchoyo wa mwenye shamba yeyote.

Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaihesabu mito kuwa ardhi ya umma. Sheria ya Maji ya 2016 nayo inasema rasilimali zote za maji ziko mikononi mwa serikali ya taifa, ambayo inazishika kwa niaba ya Wakenya. Kwa hiyo mwenye hati miliki ambaye shamba lake linafika kwenye ukingo wa mto Gucha, au kwenye kijito chochote kinachoteremkia Gucha, hana hati ya maji yanayopita pale. Kambare aliyejificha chini ya mwamba si wake. Maji hayo yatapita Ogembo, yatashuka Migori, yataingia Ziwa Victoria, na njia nzima hakuna mtu mmoja anayeweza kudai kuwa ni yake. Mwenye shamba anayemfokea mvuvi aliyesimama majini, "Toka katika mto wangu," amekosea, na ningemwambia hivyo mbele ya chifu.

Lakini mto kuwa wa umma ni jambo moja, kuufikia ni lingine. Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 40, inalinda mali ya mtu binafsi. Sura ya 294 ya sheria za Kenya inamhesabu kuwa mkosaji yeyote anayeingia katika ardhi ya mwenzake bila idhini wala sababu ya msingi, na mvuvi hakutengwa. Watu hupenda kutaja ule ukanda wa kando ya mto, mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto wenyewe, kana kwamba ni barabara yao. Sivyo. Kanuni zilizouweka ukanda huo zinamzuia mwenye shamba asilime wala kujenga pale. Zinaulinda ukingo. Hazimpi mtu baki ruhusa ya kukatiza mahindi ya watu ili aufikie.

Na anayedhani kwamba kukatiza shamba ni jambo dogo hajaitazama ardhi yetu ilivyo. Ardhi ya Gusii ilipopimwa, vipande vingi vilikatwa virefu na vyembamba, kuanzia mgongo wa kilima ilipo barabara hadi chini kwenye kijito. Ilikuwa busara: kila mji upate mahali pakavu pa kujenga na mahali pa kunyweshea ng'ombe. Kisha baba akawagawia wanawe, nao wakawagawia wao, mara nyingi kwa kupasua kipande kwa urefu ili kila mmoja apate juu na chini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, karibu watu 958 kwa kila kilomita ya mraba. Katika msongamano huo hakuna shamba tupu la kupitia. Anayeshuka mtoni anapita nyuma ya jiko la mtu, kando ya choo chake, kati ya zizi lake na mistari yake ya majani chai. Mama anayewaogesha watoto uani anamwona mwanamume asiyemjua akitokea kwenye migomba. Sijui ni nani kati yetu angelifurahia jambo hilo nyumbani kwake.

Tutazame anachoacha nyuma. Napia iliyolazwa matopeni ng'ombe huiacha, na kwa mtu anayefuga ng'ombe mmoja zizini, kila mzigo wa napia ni maziwa ya kesho. Lango likiachwa wazi, ndama huingia kwenye mahindi ya jirani, na jioni koo mbili zinagombana kuhusu hasara ambayo hakuna kati yao aliyeileta. Na chambo je? Minyoo huchimbwa penye unyevu: chini ya migomba, kwenye nduma, na mara nyingi kwenye ukingo wenyewe. Shimo la mkono mmoja halitishi mtu mwezi wa Februari. Mvua kubwa za Aprili zikija, maji huanza kula kutokea palepale, ukingo hukatika, na udongo mwekundu ambao mwenye shamba ameulea kwa samadi miaka yote huteremka kijitoni. Kambare huvumilia matope. Samaki wengine hawavumilii hivyo, na mayai yaliyofunikwa na tope hayaanguliwi. Kwa maneno mengine, aliyechimba chambo kwa mtindo huo anavua leo samaki wa mwaka ujao.

Wapo pia wanaomwaga sumu ili samaki waelee, na maji hayo hunywewa na watu na mifugo chini huko. Sheria ya uvuvi ya 2016 inakataza sumu na baruti, na mimi siwaiti watu hao wavuvi. Hata hivyo, mwenye shamba anayeona vivuli vinne gizani ukingoni hana namna ya kujua nani ameshika ndoana na nani ameshika chupa. Kwa nini ajue? Hakuna aliyepita kwake kumsalimu.

Jambo hili la kutojulikana limekuwa zito zaidi tangu yaje mabwawa. Mwaka wa 2009 serikali, katika mpango wake wa kufufua uchumi, ilianza kuchimba mabwawa ya samaki 200 katika kila eneobunge kati ya maeneobunge 140, kila bwawa likiwa na mita 300 za mraba. Gusii ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoingia katika ufugaji huo kwa moyo. Bwawa linataka maji, kwa hiyo mengi yalichimbwa bondeni, karibu na kijito. Leo samaki wa umma na samaki wa mtu binafsi wanatenganishwa na hatua chache za nyasi. Yule wa bwawani alinunuliwa akiwa kifaranga, akalishwa miezi kadhaa, na mara nyingi bei yake imeshapangiwa karo ya shule. Mmoja anashuka usiku kwa ajili ya mto, mwingine kwa ajili ya bwawa, na wote wawili wanapita njia moja bila hodi. Asubuhi maji ya bwawa yamevurugika na nyayo zimejaa kwenye tuta. Mvuvi halali analalamika kwamba amesingiziwa wizi. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyechagua kuja kama mwizi anavyokuja. Angepita langoni saa kumi jioni akasema, "Mama, hujambo? Naomba kupita niende mtoni, nitarudi kwa njia hii kabla ya giza," jina lake lingekuwa limejulikana, na asubuhi hakuna ambaye angemtaja.

Ndipo seng'enge inapokuja. Mwenye shamba hafungi njia kwa sababu ya mvuvi mmoja aliyemwomba. Anafunga kwa sababu ya kumi ambao hawakuomba. Na akishafunga, hamfungii mvuvi peke yake. Njia ile ndiyo waliyopita wanawake wakiteka maji. Ndiyo ng'ombe wa jirani asiye na ukingo walipitia kwenda kunywa. Ndiyo waumini walishukia Sabato, wamevaa meupe, kwenda kubatizwa katika maji yanayotiririka. Wote hao walikuwa wakipita kwa heshima, na pengine kwa miaka arobaini hakuna mmiliki aliyewasumbua. Mvuvi akiona njia imefungwa huhamia shamba la tatu na kuruka ua mwingine. Mama mwenye mtungi hawezi kuruka ua. Anazunguka hadi kwenye daraja, safari mbili kwa siku, na hakuna mtu anayemweleza kwamba mzunguko huo ameletewa na kijana aliyekuwa akitafuta kambare.

Nawajua wanaojibu kwamba wazee wetu hawakuomba ruhusa. Hoja hii ina mvuto, maana ni kweli kwamba kabla ya hati miliki maji yalikuwa ya majirani wote. Lakini wazee walipita kwenye njia. Kila bonde lilikuwa na mahali pake panapojulikana pa kushukia, na mtu aliyeonekana akitokea kwingine aliulizwa ni mtoto wa nani. Anayetumia jina lao kuhalalisha kukata ua popote anapotaka anachukua uhuru wao na kutupa nidhamu iliyoubeba.

Tena sheria yenyewe imewaachia watu wa namna ya wazee hao mlango ambao waruka ua wanaubomoa. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinatambua haki za kupita na haki za maji zilizokuwepo ardhi iliposajiliwa mara ya kwanza, hata kama hazikuandikwa kwenye daftari. Sura ya 22 ya sheria za Kenya nayo inaipa nguvu njia iliyotumika kwa amani, waziwazi na bila kukatizwa kwa miaka 20. Maneno hayo, kwa amani na waziwazi, ndiyo yote. Njia ya zamani inathibitishwa na nyayo zinazofuatana mahali pamoja, mbele ya macho ya mwenye shamba, bila ugomvi. Kila mtu akijikatia yake, usiku, huku mbwa wakibweka, ni njia gani itakayothibitishwa? Mzee wa kijiji akiitwa kutoa ushahidi atasema nini, ila kwamba watu walikuwa wakipita kila mahali na mwenye shamba alikuwa akiwafukuza kila siku?

Wengine watasema: mbona wenye mashamba nao ni wavunja sheria? Ni kweli, na haipendezi. Mikaratusi imepandwa hadi majini. Matofali yanafyatuliwa kwenye ardhi oevu. Mwaka wa 2009 marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliamuru mikaratusi iondolewe karibu na vyanzo vya maji, na bado ukitembea bondeni utaiona imesimama. Mwaka wa 2018 majumba makubwa ya Nairobi yaliyojengwa kando ya mito yalibomolewa mbele ya kamera, lakini huku kwetu ukingo unaliwa kimyakimya, mstari mmoja wa mahindi kila msimu. Mwenye shamba wa namna hiyo ashtakiwe, na wavuvi wangekuwa mashahidi bora kuliko mtu yeyote kwa sababu wao ndio wanaouona mto kila wiki. Lakini shahidi aliyeingia kwa kuruka ua atafikaje ofisini kusema alichokiona? Swali la kwanza atakaloulizwa ni alikuwa akifanya nini pale.

Hata mahali ambapo wavuvi wameshinda vita hivi kwa kishindo, hawakupewa haki ya kukatiza mashamba. Katika jimbo la Montana nchini Marekani, sheria ya 1985 inamruhusu mtu yeyote kuvua na kutembea mtoni hadi alama ya kawaida ya maji ya juu, hata mto unapopita katikati ya ranchi ya tajiri. Sheria hiyohiyo haimruhusu kupita kwenye ardhi ya tajiri huyo ili aufikie mto. Mvuvi huingilia kwenye daraja la barabara ya umma au mahali pengine pa umma. Na hapa Kenya, wavuvi wa Lamu walipokwenda mahakamani kwa sababu ya ujenzi wa bandari, Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Walisikilizwa kama jamii inayojulikana, yenye uvuvi wa asili unaojulikana, katika maji yanayojulikana. Watu wasio na majina hawangepata hata siku ya kusikilizwa.

Najua kuna anayeona kwamba kuomba njia ni kujidhalilisha, ni kukubali kwamba mto si wetu. Si hivyo hata kidogo. Hatuombi mto. Tunaomba njia, na Sheria ya Ardhi ya 2012 imeeleza namna ya kuiomba: kifungu cha 145 kinaruhusu serikali ya kaunti, chama au kikundi cha watu kupeleka ombi la njia ya jamii kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, na mwenye ardhi inayoguswa ana haki ya fidia. Bonde moja halihitaji njia thelathini. Linahitaji mbili au tatu, kwenye mipaka ya mashamba, zenye upana wa kupitisha ng'ombe, mbali na mabwawa, na masharti ambayo kikao cha chifu kinaweza kuyaandika kwa alasiri moja: hakuna kupita usiku, hakuna kuchimba ukingo, anayeleta sumu atajwe na wavuvi wenyewe. Wavuvi wa Nyamache wakifika kwenye ofisi za kaunti na orodha ya wenye mashamba waliokwisha kukubali, mwakilishi wadi wao atakuwa na kitu cha kutetea na mpimaji atakuwa na mahali pa kuanzia. Wakifika na kesi tatu za kuvunja ua na moja ya kuiba samaki wa bwawani, afisa atawasikiliza wenye seng'enge, na mimi sitakuwa na neno la kumpinga.