Kufuta Taa Sio Kutengeneza Gari

Wasee, tuongee kuhusu mchezo mmoja wa gereji unaotumaliza mfuko. Taa ya njano ya injini inawaka kwenye dashibodi. Unapeleka gari kwa fundi. Anachomeka mashine chini ya usukani, inatoa namba P0442, anakwambia "hii ni valvu, leta pesa." Unalipa, anafunga ingine, anafuta namba, taa inazima. Unaenda home umefurahi. Wiki ijayo taa imerudi, na sasa ati ni sensa.

Mimi nasema hivi: huyo hajapima gari yako. Amesoma namba tu. Na namba hata wewe unaweza kusoma na simu yako, ukiwa na kale kaskana kadogo ka kuchomeka.

P0442 haitaji spea yoyote. Inasema kuna mahali mvuke wa petroli unavuja kidogo. P0455 ni uvujaji mkubwa. P0456 ni uvujaji mdogo kabisa, tundu la kama nusu milimita. Hebu niambie, nani anaona tundu la nusu milimita kwa kuangalia mashine peke yake?

Elewa kwanza mfumo wenyewe. Petroli hutoa mvuke hata gari ikiwa imepaki. Huo mvuke hauachiliwi nje, unapelekwa kwa kopo lenye makaa yanayounyonya. Ukiendesha, valvu moja inafunguka na injini inauvuta na kuuchoma. Valvu ingine inaingiza hewa safi kwa kopo. Gari inayojipima inafunga kila kitu, halafu inaangalia kama presha imeshikilia. Isiposhika, taa inawaka.

Kwa hivyo shida inaweza kuwa kifuniko cha tangi, mpira wa kifuniko, shingo ya tangi iliyoshika kutu, paipu iliyopasuka, kopo lenyewe, au valvu yoyote kati ya hizo mbili. Fundi akirukia spea moja bila kupima, anabahatisha. Na anabahatisha na pesa yako.

Kupima kuna mpangilio, na unaanza na kitu cha bure. Angalia kifuniko: mpira umekatika? Kinafunga mpaka kilie "tik"? Halafu valvu ya kupeleka mvuke kwa injini. Kwa kawaida ikiwa haina umeme inafaa iwe imefungwa. Ichomoe, ijaribu na pampu ya mkono, usipulize na mdomo. Hewa ikipita, hiyo imekwisha. Dalili yake moja ni gari kusumbua kuwaka ukishatoka tu kuweka mafuta. Kama zote ziko sawa, basi ni moshi: unaingiza moshi wa presha ndogo kwenye mfumo, na mahali unatokea ndipo panavuja. Na sio na kompresa ya magurudumu. Presha hiyo itapasua vitu vilivyokuwa vizima.

Mbona taa hurudi baada ya siku kadhaa? Kwa sababu gari nyingi hazijipimi kila saa. Zinangoja injini iwe imepoa, na tangi lisiwe limejaa sana wala kukauka. Ukifuta namba, unafuta kumbukumbu tu. Siku gari ikijipima tena, ukweli unatoka, na fundi ashakula pesa.

Najua jibu lenu. "Buda, si gari inatembea?" Kweli, inatembea. Hitilafu ya mvuke mara nyingi haizimi gari barabarani. Lakini hiyo taa ni moja kwa shida nyingi. Ikikaa imewaka miezi, kesho shida kubwa ikija utajuaje? Na ule mvuke una benzini, kitu kinachosababisha saratani. Unavuja pale unapopaki, karibu na mlango wako na watoto wa ploti wakicheza hapo.

Mafundi nao wana hoja moja ambayo lazima tuimeze. Mteja hataki kulipia kutafuta shida. Ukimwambia saa moja ya kupima ni pesa kadhaa, anasema unamwibia. Ukimuuzia valvu ambayo haikuwa mbovu, anatoa pesa bila swali. Sisi ndio tumewafundisha kubahatisha. Fundi wa jua kali aliyenunua mashine ya moshi atairudishaje pesa yake kama hakuna anayelipia moshi?

Kwa hivyo tubadilike. Lipia kupima. Kabla ya spea yoyote, uliza maswali matatu: umepimaje? Nionyeshe inapovuja. Spea ya zamani iko wapi, naenda nayo. Fundi anayejua kazi hatakasirika. Anayekasirika, chukua funguo zako uende.

Na kwa petroli, pampu ikikata yenyewe, mwambie mhudumu aache hapo. Kuongeza "kidogo tu ifike namba kamili" kunaweza kusukuma mafuta mpaka kwa kopo la makaa, na kopo likilowa limeharibika.

Mimi niliacha yuni, sina cheti cha ufundi wala cha kitu chochote. Lakini haya yote yako kwa vitabu vya magari, na havimuulizi mtu digrii. Mtu akikuuzia spea bila kukuonyesha shida, usimlipe.