Kabla Uniambie Nyamache Ni Pazuri, Niambie Mavi Yanaenda Wapi

Ndiyo, nimeandika mavi. Nilianza na "kinyesi" nikafuta. Kinyesi ni neno la mtihani wa sayansi, na sisi tukishapatia shida jina la heshima huwa tunajiona kama tumeimaliza.

Wacha nianze na stori.

Desemba iliyopita binamu yangu alikuja nyumbani kutoka Minnesota. Kama wewe ni Mkisii huna haja ya kuuliza kwa nini Minnesota, hata wewe una mtu huko. Jamaa akafika Nairobi, na badala ya kupanda shato kama watu wengine, akakodi kampavani: gari lenye kitanda, jiko la gesi, sinki na choo. Choo ndani ya gari, manze. Tukatoka Nairobi, Mai Mahiu, Narok, Bomet, Sotik, Keroka, mpaka Nyamache, na mimi nikirekodi kila kitu. Kile kipande nilikuwa nakaanga mayai ndani ya gari na majani chai yamejaa dirishani kilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Nikaandika juu yake "Uswizi ya Kenya, njooni." Mlikubali. Wengine wenu mlikuja kweli.

Siku ya tatu ikawaka taa nyekundu. Tangi la choo limejaa.

Ni tangi dogo, lita 20 hivi, unalichomoa na kulibeba kama mtungi wa maji. Binamu akatoa simu akaanza kutafuta pa kumwaga. Huko kwao, alisema, ukiingia mji wa milimani wenye watalii unafungua programu kama iOverlander, inakuonyesha kituo: kuna shimo lenye mfuniko lililounganishwa na sewa, kuna bomba la kusuuza, unamwaga, unaosha, unaenda zako. Hakuna mtu anakutazama mara mbili. Hapa kwetu simu ilizunguka, ikazunguka, ikaleta ramani bila alama hata moja.

Boma lote likacheka. Magokoro alicheka mpaka akatafuta kiti. "Mtu ametoka Amerika na mavi yake, amefika hapa hajui pa kuyaweka!" Mmoja akasema mwaga kwa migomba. Mwingine, na huyu hakuwa anatania, akasema, "Si mto uko hapo chini?"

Mimi pia nilicheka. Lakini usiku nililala na hilo swali, na mpaka leo halijanitoka. Maana yule jamaa, na lafudhi yake ya Amerika na suruali yake ya mifuko kumi, ndiye mtu wa kwanza kuwahi kuuliza mbele yangu, kwa sauti, pale Nyamache: hii kitu inamwagwa wapi?

Sisi tuliozaliwa hapo hatukuwa na jibu.

Sasa tufanye hesabu. Binamu alikuwa na lita 20. Sokoni pale kila mwaka inaongezeka ploti ya ghorofa. Kuna vyumba vya kupanga, kuna lojing'i, kuna baa, na siku hizi kuna watu wanaita vyumba vyao Airbnb kwa sababu vina shuka nyeupe na picha ya ndovu ukutani. Kila moja ina choo cha kuvuta maji. Ukivuta, maji yanaenda. Yanaenda wapi? Kwa tangi chini ya ploti. Sijawahi kuona hata mita moja ya sewa Nyamache. Tangi likijaa unaita eksosta, lile lori la kunyonya. Eksosta moja inabeba maelfu ya lita. Na mtambo wa kusafisha majitaka wa Kisii uko Suneka, yaani lori litoke Nyamache, lipite Kisii mjini, litokee upande ule mwingine.

Nilipata namba ya dereva wa eksosta nikampigia. Simtaji, na kampuni siitaji, kwa sababu aliniambia ukweli na ukweli haupaswi kumkosesha mtu kazi. Nilimuuliza, "Boss, ukinyonya huku kwetu unapeleka wapi?" Akanyamaza kidogo. Akasema, "Inategemea na mwenye ploti amelipa ngapi." Akaeleza: kwenda mpaka mtamboni ni mafuta, ni nusu siku, ni ada ya kumwaga ukifika. Mwenye ploti anataka bei ya chini. "Akinilipa ya chini, na usiku ukiwa usiku, kijana wangu, wewe unafikiria nini?"

Mimi nafikiria kuhusu mvua. Kisii inanyesha karibu mwaka mzima. Kwetu hakuna uwanja tambarare, kila shamba limelala kwenye mteremko, na chini ya kila mteremko kuna kijito. Vijito vinaingia Gucha, Gucha inashuka Migori ambako inaitwa Kuja, na Kuja inaishia Ziwa Victoria. Kwa hivyo unachomwaga juu usiku, asubuhi kinasafiri. Mtu wa kwanza kukutana nacho ni msichana mwenye mtungi.

Na kabla hujanipigia makofi, ngoja.

Asubuhi iliyofuata niliamua kurekodi video ya kuwachoma wenye ploti. Nikaenda nyuma ya majengo ya sokoni nitafute ushahidi. Niliupata haraka. Bomba nyeusi ya inchi nne, imefichwa na matete, inatoa maji ya kijivu yenye povu moja kwa moja kwenye mtaro unaoshuka kwa kijito. Nikafuata bomba kwa macho mpaka ukutani. Ukuta niliujua. Ni ploti ya tatamoke, mdogo wa baba yangu. Ile ploti iliyonilipia karo ya chuo. Hii simu ninayowaandikia ilinunuliwa na kodi ya vyumba vile.

Nilimuuliza. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alisema, "Kijana, tangi likijaa na mvua imenyesha, nifanye nini? Nifunge choo cha wapangaji kumi na wawili? Nionyeshe mahali pa kupeleka, nitapeleka."

Nionyeshe mahali. Swali lile lile la binamu, tena limetoka kwa mtu mwenye bomba.

Hapo ndipo nilielewa kwamba tunapiga kelele mahali si pake. Tunapenda kusema Wakenya ni wachafu, hatuna ustaarabu, Wazungu wana nidhamu. Uongo. Yule wa Minnesota hana nidhamu kuliko tatamoke. Tofauti ni kwamba kwao kuna shimo lenye mfuniko na alama kwenye ramani. Mtu ukimpa mahali pa kumwaga, wengi watamwaga hapo, na yule atakayekataa utakuwa na haki ya kumshtaki. Usipompa mahali, unachofanya ni kumfundisha kuvizia usiku.

Najua majibu yenu, wacha niyapitie.

La kwanza: "Wazee wetu walitumia choo cha shimo na hawakufa." Wazee wetu walikuwa na shamba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 kaunti ya Kisii, watu 957 kwa kila kilomita moja ya mraba. Wastani wa Kenya nzima ni 82. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, likagawanywa kwa wajukuu, mpaka shimo la choo la jirani limekaribia chemchemi yako kuliko mlango wa nyumba yake. Choo cha shimo kilichochimbwa vizuri mbali na maji si aibu, familia nyingi za Kenya zinakitumia. Lakini ghorofa tatu zenye vyoo vya kuvuta juu ya robo ekari si choo cha babu.

La pili: "Unaharibia Nyamache jina, wageni watakimbia." Wageni hawakimbii kwa sababu ya posti. Wanakimbia wakirudi Nairobi na taifodi. Na hii si aibu yetu peke yetu, hata mlima mrefu kuliko yote duniani umekutana nayo. Mwaka 2024 wenyeji wa upande wa Nepal walitoa amri kwamba anayepanda Everest abebe mifuko na ashuke na mavi yake. Everest! Watu wanalipa mamilioni kupanda, na bado ilibidi mtu aseme waziwazi: umekuja nayo, ondoka nayo. Hakuna aliyesema Everest imeharibiwa jina.

La tatu, na hili ndilo linaniudhi: "Sewa ni pesa nyingi, Nyamache ni ndogo." Nani ameomba sewa? Kwa sensa hiyo hiyo ya 2019, nyumba zilizounganishwa na sewa Kenya nzima hazikufika moja kati ya kumi. Tukingoja mabomba yafike Bobasi tutazeeka. Ninachoomba ni kitu kidogo: mahali pamoja, halali, pa eksosta kumwaga upande wetu. Vidimbwi vya kutenganisha maji na tope, vitanda vya kukausha, uzio, mlinzi, daftari la kuandika lori gani limekuja saa ngapi. Na ada iwe ndogo kuliko mafuta ya kwenda kumwaga kwa siri.

Tena hiyo tope ni mali. Naivasha kuna Sanivation, wanachukua mavi ya watu, wanayaua vijidudu kwa joto, wanayatengeneza kuwa kuni za kuchoma. Nakuru, NAWASSCOAL wanatengeneza makaa ya kupikia kutokana na tope la vyoo. Sasa angalia Nyamache. Tuna kiwanda cha chai. Kukausha chai kunahitaji mvuke, na viwanda vya chai vya milimani vinachoma kuni, magogo kwa magogo. Tunakata miti kwenye mteremko ili tukaushe chai, halafu tunamwaga kitu kinachoweza kuwaka kwenye mto ulio chini ya mteremko huo huo. Ukimwelezea mtoto wa darasa la nne atakuuliza kama uko sawa.

La nne: "Hiyo ni kazi ya serikali." Ndiyo, ni kazi ya serikali, na ndiyo sababu naandika. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya viwango vinavyofaa vya usafi wa mazingira, kimeandikwa pamoja na haki ya makao. Jedwali la Nne linaweka huduma za maji na usafi mikononi mwa kaunti. Si hisani. Na pesa ina kalenda: mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Kabla ya hapo lazima wananchi waitwe watoe maoni. Mimi nimekaa kwa mkutano mmoja kama huo. Walikuwa wazee, akina mama wa chama, na vijana watatu, wawili wakiwa wamekuja kwa sababu ya soda. Watu wakaomba barabara, wakaomba taa za sokoni, wakaomba uwanja. Choo hakikutajwa. Hakuna mwanasiasa atakata utepe mbele ya kidimbwi cha mavi kama hakuna mtu amemuomba, na sisi tunaona haya kuomba.

Haya yetu ndiyo inajaza mto.

Kwa hivyo ombi langu ni hili. Mkutano ujao wa bajeti ukitangazwa, tuende, hata kama ni wanne, na tuseme sentensi moja: tunataka mahali pa eksosta kumwaga, Bobasi, mwaka huu wa fedha. Tusitaje mambo kumi. Mwenye ploti aje pia, tatamoke amekubali kuja na amesema atasimama aongee. Na wewe unayefungua Airbnb yenye picha ya ndovu, kabla ya kununua shuka ya pili, mwambie mgeni wako ukimwangalia machoni tangi lako linanyonywa na nani na linamwagwa wapi. Ukishindwa, hiyo si biashara ya utalii. Unawauzia mandhari walio juu na kuwatumia bili walio chini.

Lile tangi la binamu? Alikataa migomba, kwa sababu ndani kulikuwa na ile dawa ya bluu. Alikataa choo cha magokoro kwa sababu hiyo hiyo. Tuliendesha gari mpaka Kisii mjini, tukazunguka na lita 20 za mavi kama watu waliobeba siri, mpaka hoteli moja iliyounganishwa na sewa ikaturuhusu kumwaga kwa choo chao. Shilingi mia tano. Askari wa mlangoni alicheka kama magokoro.

Ile video ya mayai nimeifuta. Nitairudisha siku ile ramani ya Nyamache itakuwa na alama moja.