Kumsaidia Mkimbizi Sio Uhalifu

Ndugu yangu, kuna watu wanaoamini kwamba mwanafunzi anayejitolea kambini ni mtu wa kutiliwa shaka. Ati anatafuta nini huko? Wacha tumtazame mmoja wao.

Sarah Mardini ni msichana wa Syria. Agosti 2015 yeye na mdogo wake Yusra walivuka bahari kutoka Uturuki kwenda kisiwa cha Lesbos, Ugiriki, kwa boti ya mpira iliyobeba watu karibu 20. Injini ikazima. Wao ni waogeleaji, wakajitosa majini na kusaidia kuiongoza ile boti mpaka ufukweni. Yusra akaenda Olimpiki ya Rio 2016 na timu ya wakimbizi. Sarah akapata nafasi ya chuo Berlin, lakini pia akarudi Lesbos kujitolea. Adhabu ya kaburi aijua maiti.

Kambi ya Moria ilitengwa kwa watu kama 3,000. Mwanzo wa 2020 ilikuwa na karibu 20,000. Humo mlikuwa na watoto waliofika peke yao, hawana baba wala mama. Sarah alikuwa akitafsiri kwenye zahanati. Unaona ni kazi ndogo? Mtoto anaumwa, anajua Kiarabu tu, daktari hajui hata neno moja. Bila mkalimani atatibiwa nini?

Agosti 2018, akiwa njiani kurudi masomoni, alikamatwa. Yeye na mwenzake Sean Binder walikaa rumande zaidi ya siku 100. Waliandamwa na tuhuma za ujasusi, kutakatisha fedha, hata kuingiza watu nchini kimagendo. Human Rights Watch walionyesha kwamba baadhi ya siku zilizotajwa kwenye tuhuma, Sarah hakuwa hata Ugiriki! Januari 2023 mahakama ilitupa mashtaka ya ujasusi. Januari 2026 ndipo washtakiwa wote 24 wakaachiliwa huru.

Sasa mtu atasema: si wameshinda? Wameshinda, ndio. Lakini miaka saba ya ujana wao itarudishwa na nani? Shirika walilokuwa nalo lilifunga kazi. Na wanafunzi wangapi wengine walitazama kesi ile wakaamua kubaki nyumbani? Kesi ya namna hii haihitaji hukumu ili iumize. Kule kuvutwa tu ndio adhabu yenyewe.

Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake, hilo hatukatai. Walanguzi wa watu wapo na washikwe. Lakini mlanguzi huchukua pesa za mkimbizi kisha akamwacha baharini. Anayempa maji na blanketi akifika nchi kavu ni mtu mwingine kabisa, na sheria isiyoweza kuwatofautisha hawa wawili ni sheria mbovu.

Wewe mwanafunzi wa hapa Kenya, tuna Dadaab na Kakuma. Ukiamua kujitolea, nenda na shirika lililosajiliwa, uwe na barua na kitambulisho, na ujue haki zako ukikamatwa. Ukiona mwenzako anyolewa, wewe tia maji.

Na sisi wazazi na majirani, kijana wetu akishikwa kwa sababu ya kusaidia, tusimwambie "si ulijitakia." Tujae mahakamani siku ya kwanza. Tusingoje mwaka wa saba.