HARUFU YA PETROLI SI JAMBO LA KUVUMILIWA



Motokaa kuukuu ikinuka petroli ndani, tajiri husema, "Fungua dirisha, twende kazi." Sisi twasema hapana! Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutuama chini, na cheche moja yatosha. Zima injini, usiwashe kiberiti. Ikinuka baada ya kujazwa, fundi atazame kifuniko na shingo ya tangi. Ikinuka injini ikinguruma, atazame mipira iliyopasuka na kabureta.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, yatutaka tumwarifu msimamizi, nayo yamkataza tajiri kuturudisha penye hatari kabla haijaondolewa. Mpira mpya huuzwa dukani; ngozi ya dereva haiuzwi. Umoja ni nguvu!