Soksi ya Makaa na Sindano ya Daktari



Juma lililopita, baada ya darsa la Magharibi, mwanafunzi mmoja wa madrasa yetu hapa Chemchem alituuliza swali tusilolitarajia. Alikuwa ameona katika televisheni mzee mwenye ndevu nyeupe akijaza zawadi katika soksi za watoto, akasikia kwamba mtoto mtundu huwekewa makaa. "Ustadhi," alisema, "kwani makaa ni adhabu? Mama yangu angefurahi." Tulicheka, maana Tabora nzima inajua jinsi bei ya gunia la mkaa ilivyo mzigo. Hata hivyo, swali lake lilistahili jibu.

Desturi hiyo haikuanzia madukani. Wakristo husimulia habari za Nikolasi, askofu wa Myra, katika nchi ya Uturuki ya leo, aliyeishi karne ya 4. Inasemekana alimsaidia kwa siri fukara mwenye mabinti watatu waliokosa mali ya kuolewa, akiwatupia dhahabu usiku; wengine huongeza kuwa iliangukia katika soksi zilizoanikwa. Sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba. Basi asili ya hadithi ni sadaka ya siri, jambo ambalo hata sisi tunalijua thamani yake.

Vitisho viliongezwa njiani. Uholanzi, mtoto mkaidi aliahidiwa fimbo, au kutiwa ndani ya gunia na kupelekwa Hispania. Austria, mkesha wa sikukuu hiyo, hupita Krampus, kiumbe mwenye pembe na minyororo. Italia, bibi kizee aitwaye Befana huja usiku wa kuamkia tarehe 6 Januari, naye huwaachia watundu makaa. Siku hizi hata makaa hayo hutengenezwa kwa sukari, kwa kuwa wazazi wenyewe wameona haya kumnyima mtoto.

Tusiwacheke majirani zetu, kwani sisi nasi tuna soksi yetu ya makaa. Ni nani kati yetu hakutishwa kwa zimwi? Ni nani hakuambiwa kuwa mumiani atamnyonya damu akizurura magharibi? Na katika mji huu, uliokuwa kituo kikuu cha misafara iendayo Ujiji na irudiyo Bagamoyo, wapo watoto waliochukuliwa kweli wakatiwa utumwani. Hofu ya kuchukuliwa haikuwa mchezo kwa waliotutangulia. Haifai kuigeuza kuwa fimbo ya kumlazimisha mtoto amalize uji.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu. Binti yetu wa miaka mitano alipokataa kulala mchana, tulizoea kumwambia, "Nitamwita daktari akuchome sindano." Maneno hayo yalitupatia utulivu wa saa moja. Mvua zilipoanza akashikwa na homa. Kwenye zahanati, alipotakiwa kutobolewa kidole apimwe malaria, aling'ang'ania mlango kwa mikono miwili akalia hadi sauti ikamkauka. Tulirudi naye nyumbani bila kipimo. Jioni tukamrudisha akiwa hajiwezi. Muuguzi alituuliza kwa upole, "Nani amemfundisha kuniogopa?" Hatukuwa na jibu. Alhamdulillahi, alipona.

Mtume (s.a.w.) alimsikia mama mmoja akimwita mwanawe, akimwahidi kumpa kitu. Akamuuliza alikusudia kumpa nini. Mama akajibu: tende. Mtume akambainishia kwamba lau asingempa chochote, ingeandikwa juu yake kuwa ni uongo. Ikiwa ahadi ya tende moja inahesabiwa, vipi kitisho tusichokusudia kukitekeleza? Naye Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume miaka kumi, asisikie hata neno la kukemewa.

Wapo watakaosema mtoto bila hofu haongoki. Tunamtazama Luqman: alimwita mwanawe kwa upole, akamfundisha kwamba hata kilicho kidogo mfano wa punje ya hardali, Allah atakileta. Hiyo ndiyo hofu ya kweli, nayo huambatana na mapenzi. Mtoto aliyefundishwa kuogopa zimwi huacha kuogopa siku anapogundua kuwa zimwi halipo, na siku hiyo huanza pia kuyatilia shaka maneno mengine ya wazazi wake.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi: daktari, askari na ustadhi wasiwe vinyago vya kutishia. Kamati yetu inawaona watoto wanaofika madrasa siku ya kwanza wakitetemeka, kwa sababu nyumbani waliambiwa, "Ngoja nikupeleke ukachapwe." Mtoto akikosea, aelezwe kosa lake na matokeo yake ya kweli. Akiahidiwa embe, apewe embe. Msimu wake ndio huu.

Tunamwomba Allah atujaalie watoto wawe kitulizo cha macho yetu, na ndimi zetu ziwe za kweli mbele yao. Amin.