Kukataa Hadharani na Kukwepa Kichakani

BARAZANI
Na Chacha Marwa

Katika nchi yetu ya Tarime, na hata ukiuvuka Mto Mara ukaingia Serengeti mpaka Mugumu na Robanda, sifa ya mwanamume kwa vizazi vingi imepimwa kwa upinde na ngao, na baada ya wakoloni kuja ikapimwa pia kwa bunduki ya askari, maana vijana wa Kikurya waliandikwa kwa wingi katika jeshi na polisi, wakarudi makwao na kofia, mishahara na hadithi za nchi za mbali. Ndiyo sababu mtu atakaye kuwasimulia vijana wetu habari za waliopinga ukoloni hana budi aanze na Maji Maji ya 1905, ama sivyo wasikilizaji wake watamwona kuwa anawauzia maji mahali pa pombe. Nami leo, kwa idhini ya wasomaji wangu, nataka kuwasifu watu walioketi chini.

Dola ya kikoloni ilikuwa na jambo moja ambalo haikupenda raia walifahamu, nalo ni uchache wake. Bwana Shauri mmoja, makarani wake wachache na askari wasiojaza uwanja wa boma waliamuru makumi ya maelfu ya watu waliotawanyika katika milima na mbuga, na amri zao zilifika kila mji si kwa sababu wao walikuwa na miguu ya kufika huko, bali kwa sababu jumbe alikwenda kuhesabu vichwa, karani akaandika, mzee wa ukoo akakusanya kodi, na mlipaji mwenyewe akaja na fedha yake mkononi. Mtawaliwa ndiye aliyekuwa mkono wa mtawala. Mkono huo ukizuiwa, si kwa ghadhabu wala kwa mawe, bali kwa kutulia tu mahali pake, hukumu zote za boma hubaki kuwa wino juu ya karatasi.

Hapa kwetu hali hiyo ilidhihiri zaidi kuliko mahali pengi. Wakurya hawakuwa na mtemi. Mambo mazito ya nchi yalikuwa mikononi mwa inchama, baraza la wazee lililofanya kazi yake kwa siri na taadhima, na vijana walijipanga kwa marika yao. Wajerumani walipojenga boma lao Shirati na ngome yao Ikoma, walikuta nchi isiyo na mtu mmoja wa kuitwa na kuamriwa, basi ikawabidi wamtengeneze. Na Waingereza waliowarithi wakaendelea na desturi ile ile ya kumvika mtu kanzu na cheo, kisha kuwaambia jirani zake kwamba tangu leo huyu ni mkubwa wenu. Chifu wa namna hiyo alisimama kwa mguu mmoja. Nguvu yake ilitoka boma, na heshima yake ilitoka popote pengine, kama ilitoka.

Mtu angetazamia basi kwamba nchi yenye machifu dhaifu kiasi hiki ndiyo ingekuwa chimbuko la upinzani wa kugoma na kukataa. Watu wetu walikataa, sina shaka. Lakini walikataa kwa namna yao. Mstari wa mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora kwa mapatano ya 1886 na 1890, ukakata ukoo mmoja vipande viwili, nusu Kenya na nusu Tanganyika, waliugeuza kuwa mlango wa nyuma: ng'ombe aliyekuwa ahesabiwe upande huu alilala kwa shemeji upande wa pili, na kijana aliyetafutwa na askari wa Tarime alikuwa anakunywa maziwa Isebania. Kwa Waikoma na Wanatta, sheria za wanyamapori na hifadhi ya Serengeti iliyotangazwa 1951 ziliwaharamishia mawindo ya babu zao, nao wakaendelea kuwinda usiku, kimya kimya, kila mtu na njia yake. Nani atawalaumu? Mwenye njaa aliyepokonywa mbuga yake hana deni kwa aliyempokonya.

Walakini kukwepa ni jambo moja, na kukataa ni jambo jingine, na sisi tumezoea mno kuyachanganya, aghalabu kwa kujipendelea. Anayekwepa huiacha sheria ikisimama wima. Anachotafuta ni upenyo wa kupita yeye na mifugo yake, na akiisha kupita, jirani asiye na shemeji ng'ambo ya mpaka hubaki analipa peke yake. Anayekataa hufanya kinyume: huja mchana, hujitaja jina, husema silipi, siendi, sitii, na hapa nilipo mnanipata. Wa kwanza huokoa zizi lake. Wa pili huitia sheria yenyewe mashakani, kwa kuwa humlazimisha mtawala achague mbele ya macho ya watu wote ama kuwafunga maelfu ama kurudi nyuma, na yote mawili humvunjia heshima.

Majirani zetu Wakamba walitufundisha somo hili mwaka 1938. Serikali ya Kenya, kwa hoja kwamba ng'ombe wamezidi na ardhi inamomonyoka, ilianza kuwakamata ng'ombe wa Ukambani kwa nguvu na kuwauza mnadani kwa bei ya kutupa, ilhali kiwanda kipya cha Liebig kilichojengwa Athi River kilikuwa kinangoja nyama. Msomaji wa Tarime hahitaji kuelezwa maana ya kumnyang'anya mfugaji ng'ombe wake. Wakamba hawakuwatorosha ng'ombe wakanyamaza. Waliondoka wanaume, wanawake na watoto, wakaenda Nairobi kudai kuonana na Gavana, na walipoambiwa Gavana hana nafasi, walikaa pale pale kiasi cha majuma sita. Samuel Muindi Mbingu, aliyekuwa msemaji wao, alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha serikali iliacha kukamata ng'ombe kwa nguvu. Liko neno moja zaidi ambalo linatuhusu sana: Wakamba, kama Wakurya, walikuwa tegemeo la jeshi na polisi, na watawala walihofu kwamba manung'uniko ya baba zao Nairobi yangewafikia wana kambini. Kumbe hata mwenye sifa ya bunduki aweza kuwa na nguvu zaidi akiiweka chini.

Mfano ulio bora kuliko yote, kwa fikira yangu, ni wa hapa Tanzania, nao haukutajwa vya kutosha katika madarasa yetu. Wakati wa vita vya pili vya dunia serikali iliwaletea Wapare kodi mpya, iliyoitwa mbiru, ambayo kila mtu angelipa kwa kadiri ya mali yake baada ya wakubwa wa nchi kuketi na kumkadiria. Nisimame kidogo hapa, maana insafu yanitaka nikiri kwamba kodi ya namna hiyo, ikitazamwa peke yake, si dhuluma: mwenye kingi kutoa kingi na mwenye kichache kutoa kichache ni jambo ambalo hata Nyerere baadaye hakulikataa. Kilichowachoma Wapare kilikuwa swali la nani anakadiria, kwa mizani gani, na mkadiriwa atamlalamikia nani. Waliona mkadiriaji ana jamaa zake, ana mahasimu wake, na kalamu moja tu.

Basi Januari 1945 waliteremka kutoka milimani kwa maelfu wakaenda Same, makao ya wilaya, wakaketi. Hawakuvunja duka, hawakumpiga karani. Na hapa ndipo palipo busara yao: walikuwa tayari kulipa kodi ya kawaida, ile ya kichwa, iliyolingana kwa watu wote, walichokataa ni mbiru peke yake. Mtawala alikosa neno la kuwaitia. Angewaita wakwepa kodi, ilhali wanataka kulipa? Angewaita waasi, ilhali wameketi uwanjani pake na wanangoja jibu? Walikaa kwa zamu, wengine wakirudi kulima na wengine wakishika nafasi zao, miezi ikapita. Baadaye wanawake nao waliingia katika shauri hilo, wakamkabili mkubwa wa wilaya wakamwambia, kwa maneno ambayo gazeti la heshima haliwezi kuyachapa yote, kwamba maadam yeye ndiye aliyewaweka waume zao mbali na nyumba, basi ama awarudishe ama achukue mwenyewe majukumu yao ya ndoa. Hata kufikia 1947 mbiru ilikuwa imekwisha.

Sisemi kwamba njia hii hushinda kila mara. Wameru wa Ngare Nanyuki waliohamishwa kwa nguvu Novemba 1951, watu wapatao 3,000, ili ardhi yao ipewe walowezi wa Kizungu, walikataa kuondoka, wakakataa fidia, wakakataa nchi waliyopewa badala yake. Nyumba zao zilichomwa moto hata hivyo. Walimtuma Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mpaka Umoja wa Mataifa New York mwaka 1952, wakasikilizwa, na ardhi haikurudi kwa wakati ule. Lakini fidia isiyopokewa ni kesi isiyofungwa, na kesi hiyo isiyofungwa ilizunguka Tanganyika nzima katika midomo ya watu. Na Kirilo alikuwa miongoni mwa walioasisi TANU tarehe 7 Julai 1954.

Wala si njia ya watu wapole kwa maumbile, kama wengine wanavyodhani. Gandhi mwenyewe, baada ya kundi la wafuasi kuchoma kituo cha polisi Chauri Chaura na kuua askari Februari 1922, alisimamisha harakati nzima ya Uhindi ilipokuwa imepamba moto, na wenzake wengi wakamwona amerukwa na akili. Mwezi uliofuata alipopelekwa mahakamani alikiri kosa, akamtaka hakimu ampe adhabu iliyo kali kabisa, akapewa kifungo cha miaka 6. Haya yataka moyo mgumu kuliko wa mpiga mshale, kwa kuwa mpiga mshale hutii hasira yake, na huyu sharti aizuie yake na ya maelfu walio nyuma yake.

Jimbo la Ziwa, ambalo Tarime na Serengeti zilikuwa ndani yake wakati huo, lilipata darasa lake katika miaka ya 1950. Huko Usukumani TANU ilinyimwa kuandikishwa tangu 1954 mpaka 1958, na viongozi wa jimbo, mmoja wao mwana wa Tarime, Bhoke Munanka, ambaye baada ya uhuru alikuwa waziri katika serikali ya Nyerere, ilibidi wafanye siasa katika nchi ambayo chama chao hakikuruhusiwa kuwako. Mwaka 1958, serikali ilipowalazimisha watu wa Geita wakubali baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko ambalo hawakuliomba, walikataa, wakaenda kwa miguu mpaka Mwanza kulisema hilo kwa mkubwa wa jimbo, wakatawanywa kwa moshi wa kutoa machozi. Mabaraza yale hayakudumu. Haya hayakutendeka mbali na sisi. Yalitendeka ng'ambo ya Ghuba ya Speke, na msafiri wa meli kutoka Musoma aliyasikia Mwanza bandarini.

Mwaka ule ule Nyerere alishtakiwa kwa makala iliyowakashifu mabwana shauri wawili, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Alilipa. Nimewasikia watu wenye elimu wakimlinganisha na Gandhi kwa jambo hili na kumwona amepungua, nami sikubaliani nao hata kidogo. Uchaguzi ulikuwa mlangoni, na kiongozi aliye gerezani wakati huo angewapa wafuasi wake sababu ya ghasia na kuwapa watawala sababu ya kupiga ghasia hizo risasi. Kukataa hakumlazimu mtu akatae kila kitu. Wapare walilijua hilo mbele ya wanasiasa wetu.

Na jambo hili ndilo lililokuwa kiini cha mkutano wa Tabora wa Januari 1958. Serikali iliweka uchaguzi wa kura tatu, kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, tena mpiga kura mwenyewe sharti awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichokubaliwa. Ilikuwa kanuni ya dharau. Wajumbe wengi walitaka TANU isusie, na mwelekeo wa chama tangu mwanzo uliwapa haki ya kutaka hivyo. Nyerere aliwageuza nia baada ya mabishano marefu, chama kikaingia, na katika Septemba 1958 na Februari 1959 kikashinda, kwa kuwachagua hata Waasia na Wazungu waliokuwa upande wake. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka, akaanzisha chama chake cha ANC, na mwaka 1962 aliposimama kugombea urais dhidi ya Nyerere alipata kura 21,276, naye Nyerere zaidi ya milioni moja.

Hesabu hiyo huwafanya watu wamcheke Mtemvu. Mimi sioni cha kuchekwa. Alikuwa na msimamo ulio safi, na pengine mwaka 1945 huko Same ungekuwa ndio msimamo wa kufaa. Tofauti ni kwamba Wapare walipoketi, boma halikuwa na la kufanya bila wao, ilhali TANU ingesusia kura za 1958, viti vingejazwa tu na watu wa chama cha Gavana, UTP, na baraza lingekutana, na sheria zingetungwa. Kabla mtu hajazuia mkono wake, na aulize kwanza kama kazi ile haiwezi kufanywa bila mkono huo. Wazee wetu wa inchama, ambao hawakusoma habari za Gandhi wala za Same, wangeulizana swali hilo hilo kabla ya kuwaruhusu vijana wavushe hata ndama mmoja mpaka wa Sirari. Na laiti wangeliuliza hadharani, mbele ya boma la Tarime, siku moja tu katika miaka ile ya hamsini, leo tungekuwa na habari yetu wenyewe ya kusimulia pamoja na ya Wapare na Wakamba.