Saa ya Mkononi na Amana ya Binti



Hivi karibuni safari ilitufikisha Kisii, na kutoka hapo tukapanda hadi Nyamira, kwa ndugu yetu aliyehamia huko zamani kutoka Pwani. Baada ya sala ya Alfajiri tulimsikia akimzuia bintiye mlangoni. Binti huyo, naye amejistiri, huzoea kukimbia kilomita 5 kando ya mashamba ya majani chai. Zamani alichukua simu. Siku hizi huiacha nyumbani, akavaa saa yenye GPS.

“Nikikuhitaji nitakupataje?” aliuliza mzazi.

“Baba, nikiwa na simu sikimbii, hujibu ujumbe tu njia nzima.”

Tuliwasikiliza wote wawili, na kila mmoja tukamwona ana haki.

Mbio si jambo geni katika vilima vile. Naftali Temu, mtoto wa Kigusii, ndiye aliyeipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, katika mita 10,000 mjini Mexico mwaka 1968. Na aliyeshika nafasi ya tatu siku hiyo ni Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Wala mbio si aibu kwa mwanamke. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), mara ya kwanza bibi akashinda, na baadaye Mtume akamshinda.

Basi shaka ya baba haikuwa juu ya mbio, bali juu ya saa. Na hapa wazazi wengi hukosea. Setilaiti za GPS ziko umbali wa kilomita 20,000 hivi juu ya ardhi. Saa hupokea ishara za setilaiti nne au zaidi, ikapiga hesabu ya mahali ilipo bila simu wala laini. Lakini ni kupokea tu. Saa humjulisha binti alipo, haimjulishi baba. Binti akiteguka mguu mteremkoni, saa nyingi za namna hii haziwezi kuita mtu pasipo simu, isipokuwa zile zenye laini yake.

Tena kuna hatari ya upande wa pili. Baada ya mbio, safari hupelekwa kwenye programu, na ramani ikiachwa wazi humwonyesha mgeni mlango utokao binti na saa atokayo. Mwezi Januari 2018 ilibainika kuwa ramani ya programu ya Strava ilifichua hata njia za askari ndani ya kambi za kijeshi. Ikiwa kambi haikusitirika, nyumba yetu je?

Tukasuluhisha hivi: saa avae, ramani yake aifunge asiione mtu mwingine, kabla ya kutoka amtajie mama njia na wakati wa kurudi, na asiende peke yake, bali na mwenziwe mwenye simu ndogo ya mulika mwizi mfukoni, isiyo na ujumbe wa kumshughulisha.

Asubuhi ya pili mwenziwe alikuwa baba mwenyewe. Alirudi akihema, nyuma ya bintiye kwa mbali, lakini uso umekunjuka.

Watoto ni amana, na amana hailindwi kwa kufungiwa ndani wala kwa kuachiwa chombo kiilinde. Hulindwa kwa kuwa karibu nayo.

Wabillahi tawfiq.